Ninavyotambua muundo wa data na kukadiria gharama ya algorithimu katika Java

Nikipewa msimbo wa Java nisioufahamu, natafuta kwanza neno `new`. Tangazo la `List<String> miamala` halisemi lolote kuhusu gharama, kwa kuwa List ni mkataba tu. Anayefanya kazi ni ArrayList (orodha iliyo juu ya safu) au LinkedList (orodha ya viungo vilivyounganishwa) iliyoundwa upande wa kulia. Kisha naandika pembeni kila jambo linalofanywa juu ya muundo huo: kusoma kwa namba ya nafasi, kutafuta, kuongeza mwishoni, kuondoa mwanzoni. Muundo unafaa au haufai kulingana na kazi hizo.

Tuchukue msimbo wa kuondoa miamala iliyojirudia:

```java
List<String> safi = new ArrayList<>();
for (String m : miamala)
    if (!safi.contains(m)) safi.add(m);
```

Kwa macho kuna kitanzi kimoja, na wengi wataandika O(n) papo hapo, yaani kazi inayokua sambamba na idadi ya vipengele, n. Lakini `contains` ya ArrayList inapita kipengele kimoja baada ya kingine, hivyo ndani yake kuna kitanzi cha pili. Miamala yote ikiwa tofauti, idadi ya ulinganisho ni n(n−1)/2: kwa miamala 100,000 ni 4,999,950,000. Hiyo ni O(n²), yaani kazi inakua kwa mraba wa n. Nikiweka LinkedHashSet (seti isiyokubali marudio na inayokumbuka mpangilio wa kuingizwa) mahali pa ArrayList, mpangilio wa awali unabaki na kazi inashuka hadi O(n) kwa wastani.

Ndiyo maana nashikilia sana jambo hili: hesabu vitanzi vilivyofichwa ndani ya maktaba kabla ya kuhesabu vile ulivyoandika mwenyewe. `remove(0)` kwenye ArrayList inasogeza vipengele vyote vilivyobaki. Ukitaka foleni, tumia ArrayDeque. `get(i)` ya LinkedList inatembea kutoka ncha iliyo karibu, kwa hiyo kuipitia yote kwa `get(i)` ni O(n²). PriorityQueue (foleni ya kipaumbele) inatoa kilicho kidogo kabisa kwa O(log n), yaani kazi inayokua polepole sana kuliko n, ila `contains` yake ni O(n). Kuunganisha String kwa `+=` ndani ya kitanzi kunanakili maandishi yote upya kila mara; StringBuilder ndiyo dawa.

Upande wa pili, `add` ya ArrayList watu huionea shaka bure. Safu ya ndani ikijaa, inakuzwa kwa takribani nusu ya ukubwa wake na kila kitu kinanakiliwa, hivyo mwito huo mmoja ni O(n). Ila hutokea kwa nadra, na gharama ikigawanywa kwa miito yote, kila mmoja unabaki O(1).

HashMap, muundo unaohifadhi thamani kwa ufunguo, inahitaji uangalifu zaidi. O(1) yake ni ya wastani na inategemea `hashCode` (namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo) inayosambaza funguo vizuri. Inaanza na nafasi 16 na inapanuka ikivuka robo tatu, yaani funguo 12. Tangu Java 8, ya mwaka 2014, funguo nyingi zikirundikana kwenye nafasi moja, mnyororo wake unaweza kugeuzwa kuwa mti, na utafutaji ukawa O(log n) endapo funguo zinalinganishika kwa Comparable. Usibadilishe sehemu ya ufunguo inayotumika katika `hashCode` baada ya kuuweka: ufunguo utakuwemo lakini `get` haitauona.

Baada ya kukadiria kwa karatasi, napima kwa kuzidisha ukubwa mara mbili: 20,000, 40,000, 80,000. Muda ukiongezeka mara 2 ni mstari mnyoofu, O(n). Mara 4 ni O(n²). Zaidi kidogo ya 2 huwa ni O(n log n). Natupa vipimo vya mizunguko ya kwanza, kwa sababu JVM (mashine pepe inayoendesha Java) bado haijatafsiri sehemu zinazotumika sana kuwa msimbo wa mashine. Pia nachapisha matokeo ya hesabu. Yasipotumika popote, kikusanyaji (compiler) kinaweza kuifuta kazi yote na ukapata muda wa kupendeza usio na maana.

Vipimo vikikataa kukubaliana na karatasi, ninaamini vipimo na kurudi kusoma msimbo wa maktaba. Mfano mzuri ni `removeAll` ya HashSet: ukiipa List ambayo si ndogo kuliko seti yenyewe, inazunguka seti na kuita `contains` ya List hiyo kwa kila kipengele, na O(n²) inarudi kimyakimya. `orodha.forEach(seti::remove)` inaimaliza kazi hiyo kwa O(n).