Koti la Damu ya Mzee

Kipupwe changu cha kwanza nilivaa nyeusi tupu. Koti jeusi, suruali nyeusi, buti nyeusi, na kofia ya kijivu. Hakuna aliyenishauri. Nilitazama tu watu kituoni asubuhi, nikaona karibu wote wako hivyo, nikajiambia kwamba wenyeji wa baridi wanajua zaidi yangu. Koti lenyewe lilikuwa la nailoni, limejazwa nyuzi za plastiki. Upepo lilizuia, sikatai, lakini nikitembea kwa kasi dakika kumi jasho lilinitoka, na nikisimama jasho lile lilipoa mgongoni, baridi ikaniingia kutokea ndani. Jua lilichomoza saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni lilikuwa limekwisha zama. Kufikia Januari nilikuwa nikitoka kazini nafunga mapazia, nawasha taa zote, nakaa. Siku za mapumziko sikutoka kabisa.

Kilichonitoa kwenye hali ile ni nguo. Najua wako watu ambao giza la majira hayo huwalemea kuliko lilivyonilemea mimi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza ugonjwa wa huzuni unaokuja na kuondoka kwa kufuata majira, na matibabu yake yapo, yakiwemo ya kukaa mbele ya taa kali maalumu. Aliyefika huko amwone daktari, asingoje koti. Mimi nilikuwa nimesinyaa tu.

Koti nililipata kipupwe hicho kikielekea ukingoni, kwenye rundo la nguo za mitumba. Kwanza niliona mkono wake umechomoza kati ya makoti meusi, rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu nzito ambayo kwenye mikunjo inakaribia weusi na mwanga ukiipiga inawaka. Nikavuta. Lilikuwa zito hadi nikadhani ni makoti mawili yameshikana. Sufu nene, kola pana ya kusimamishwa hadi masikioni, kiuno kimebana kidogo, kisha linafunguka kushuka chini ya magoti. Vifungo vitatu tu. Bitana ilikuwa imechanika kwapani na kulegea pindoni, nafikiri ndiyo sababu wengine walilipita.

Ndani ya shingo palishonwa alama ndogo: herufi C mbili nono, kila moja kama duara lililomegwa upande, na namba 41. Nilipofuatilia nikajua ni alama ya nguo zilizotengenezwa Uingereza kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 1941, wakati wa vita, ukaendelea hadi mwaka 1952. Nguo zilikuwa kwa mgawo tangu Juni 1941. Mtu mzima alipewa kuponi 66 mwaka wa kwanza, na koti refu la kike lenye bitana peke yake lilikula 14. Kanuni zilibana idadi ya vifungo, mifuko na marinda ili kitambaa kisipotee. Kumbe vile vifungo vitatu nilivyodhani ni urembo wa fundi vilikuwa sheria. Hilo lilinigusa sana. Katika miaka ya uhaba kama ule, mwanamke fulani alitoa kuponi zake 14 akachagua damu ya mzee, na mimi niliyekuwa huru kuvaa rangi yoyote nilikuwa nimejifunika nyeusi.

Koti hilo lilinifundisha kusoma nguo za zamani kabla ya kuzinunua. Siku hizi nikishika nguo naanzia ndani. Nikikuta nembo ya Woolmark, alama ya sufu halisi, ile inayofanana na kibonge cha uzi, najua haikutengenezwa kabla ya mwaka 1964, maana nembo yenyewe ilizinduliwa mwaka huo. Zipu ya chuma mara nyingi hunielekeza miaka ya nyuma kuliko zipu ya nailoni. Pindo la chini nalipima kwa vidole, kwa sababu mafundi wa zamani waliacha kitambaa cha kutosha ndani, na kitambaa hicho ndicho kinachokuruhusu kupanua kiuno au kurefusha mkono. Namba ya saizi siitazami kabisa. Saizi za wakati ule si za leo, hivyo natembea na futi ya kupimia pochini na vipimo vyangu vya mabega, kifua na kiuno nimeviandika. Mabega ndiyo ninayoyapa uzito wa kwanza. Kiuno kinarekebishika, mabega yakikataa, liache koti liende kwa mwenye nalo.

Kuhakikisha kama ni sufu kweli, nachomoa nyuzi mbili tatu kwenye mshono wa ndani wa nguo niliyokwisha inunua, nazishika kwa kibano juu ya sinki na kuziwasha. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, haipendi kushika moto, na huacha majivu yanayopondeka. Akriliki, uzi wa plastiki unaoiga sufu, huyeyuka na kuacha tone gumu. Tofauti ya sufu na plastiki nilikwisha iona mwilini. Sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa, na inapounywa hutoa joto kidogo. Nyuzi zake zimejikunja zenyewe, zikakamata hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto la mwili. Siku ya kwanza nilipotembea na lile koti hadi kazini mgongo wangu ulifika mkavu. Nilisimama mlangoni nikapitisha mkono chini ya blauzi kuhakikisha.

Lakini kabla ya kulivaa ilinibidi kubadili bitana, kazi iliyonichukua wikendi tatu. Sikuwa na cherehani, nilishona kwa mkono. Nilifumua bitana ya zamani taratibu, nikapiga pasi kila kipande, nikakitumia kama kiolezo cha kukatia kipya. Mgongoni nilikuta rinda la kama sentimita mbili na nusu, limekunjwa kutoka shingoni kwenda chini. Nilikaribia kuliondoa nikidhani ni ziada, nashukuru sikuliondoa. Rinda hilo ndilo linalokupa nafasi ya kunyoosha mikono mbele. Bila hilo bitana hupasuka mahali palepale kwapani. Bitana mpya nilichagua rangi ya haradali. Haionekani mpaka nifungue koti, na kila nikilifungua ni kama nimefungua dirisha.

Wakati wa kufumua niliona jambo ambalo bado nalifikiria. Chini ya kwapa la kushoto, upande wa ndani usioonekana na yeyote, palikuwa na kiraka kidogo cha kitambaa kama upana wa vidole viwili, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Bitana ilikuwa ya kahawia. Aliyeshona hakuwa na uzi wa kahawia, au alikuwa nao akaona buluu inapendeza, siwezi kujua. Mishono yake ilikuwa midogo kama chembe za mchanga, imepangana bila kupishana hata mmoja. Kile kiraka nilikikata na kukishona ndani ya mfuko wa koti. Vidole vyangu hukigusa nikitafuta funguo.

Novemba iliyofuata nilikuwa tayari. Siku ya tatu ya kulivaa, bibi mmoja kituoni aliniangalia kwa muda, akasogea.

"Mwanangu, naomba niliguse hilo koti."

"Gusa tu, bibi."

Akashika kola kati ya vidole, akaisugua polepole. "Mama yangu alikuwa nalo la namna hii. Alilivaa mpaka likamwishia mabegani." Basi lilipofika tuliketi pamoja, akanisimulia habari za mama yake njia nzima. Kipupwe kizima kilichotangulia hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno kituoni pale.

Hapo nikaanza kupenda kutoka. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa faida kubwa ya rangi kwangu imekuwa hiyo. Nguo haiongezi mwanga wa jua. Ila mtu mwenye koti analotamani kulivaa hutafuta sababu ya kulivaa, na mimi nikaanza kwenda matembezi kila adhuhuri, dakika 20 au 30. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje saa sita mchana unazidi mara nyingi ule wa ofisini. Mwili wangu ulikuwa unaudai mwanga huo tangu kipupwe kilichopita.

Halafu nikagundua tatizo la damu ya mzee. Jioni moja nikipita mbele ya kioo cha jengo nilijiona mweusi tena kuanzia shingoni hadi miguuni. Nikadhani ni kioo. Nikatazama mkono wangu mwenyewe, nao mweusi. Nimesoma baadaye kwamba jambo hili lilielezwa na mwanasayansi wa Bohemia (Ucheki ya leo), Jan Purkyně, karne ya 19: mwanga ukififia, jicho hupoteza nyekundu kwanza, ilhali buluu na kijani hubaki ziking'aa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo koti linalowaka mchana linazimika jioni, na kipupwe ni jioni ndefu. Ukivuka barabara wakati huo dereva hakuoni, na hilo si la kupuuza.

Tangu hapo navaa kwa kufuata mwanga. Karibu na uso naweka rangi ambazo haziniachi jua likizama: skafu ya haradali, nyingine ya buluu-kijani kama maji ya kina kirefu, kofia ya rangi ya maziwa. Rangi nzito za moto, kama damu ya mzee, kutu, na zambarau, nazipa maeneo makubwa, zifanye kazi yake mchana. Sivai zaidi ya rangi tatu kwa mara moja, na moja kati ya hizo nairudia mahali pawili, mfano skafu na soksi. Haradali ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Asubuhi yenye ukungu, barabara na anga vikiwa rangi moja, skafu ile inanipa mahali pa kuanzia siku.

Zambarau nayo ina hadithi inayonifurahisha kila nikivaa glovu zangu. Kwa karne nyingi zambarau bora ilitoka kwa konokono wa baharini, tena wengi mno kwa tone dogo la rangi, hivyo ikawa ya wafalme na matajiri. Mwaka 1856 kijana wa London mwenye miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Dawa haikupatikana. Alipata masalia meusi ambayo yalipoyeyushwa kwa alkoholi yalitoa zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Rangi nyingi za bei nafuu tunazovaa leo zilifuata mlango aliofungua yeye.

Nimepoteza vitu pia. Sweta moja la miaka ya nyuma, la kijani cha chupa, lenye vifungo vya mbao, nililitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na nguo nyingine, maji ya nyuzi 40. Lilitoka gumu kama zulia, saizi ya mtoto wa miaka mitano. Niliketi nalo mapajani nikalia kidogo. Unywele wa sufu una magamba madogo. Joto, maji na msukosuko huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Sasa nafua sufu kwa mkono, maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo, sabuni laini kidogo. Nabonyeza bila kusugua wala kukamua, naiviringisha ndani ya taulo kavu nikaikandamize, kisha nailaza bapa ikauke. Koti silifui. Nalipiga brashi ya manyoya kila nikirudi, nalitundika kwenye hanga pana, na siku yenye ubaridi mkavu nalianika nje kivulini.

Na nondo, wale wadudu wa kabatini. Usisubiri kuona tundu. Anayekula ni kiwavi wake, si nondo mwenyewe, naye hupenda zaidi sehemu zenye jasho au madoa. Kila nguo ya sufu ninayoleta nyumbani inaingia kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, kisha kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Na majira yakigeuka, hakuna sufu inayoingia kabatini ikiwa chafu.

Sasa hiki ni kipupwe changu cha nne. Bado yako asubuhi ninazoamka nikasikia uzito, hasa wiki zile za mwisho wa Januari zisizo na sikukuu wala theluji ya kutazama. Siku hizo naanza na skafu. Naiweka shingoni kabla hata sijavua nguo za kulalia, nafungua pazia, halafu ndiyo najua nitavaa nini.

Wiki iliyopita kifungo cha katikati cha koti kilining'inia kwa uzi mmoja. Ninao uzi wa damu ya mzee uliofanana nalo kabisa, niliuhangaikia sana kuupata. Nikautia kwenye sindano, nikautazama, nikautoa. Nimekishona kwa buluu.