Shikamoo, Mungu

Jana usiku mwanangu wa miaka mitano alinitia kwenye mtihani. Sala yake ya kulala naijua mwanzo hadi mwisho: anamshukuru Mungu kwa ajili ya baba, mama, dada na paka wa jirani, kisha amina, anajifunika shuka. Jana alipiga magoti, akafumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana, akasema, "Shikamoo, Mungu." Akanyamaza. Nikadhani amesahau kinachofuata. Akafungua jicho moja, akanitazama.

"Mama, mbona haitikii?"

Nilicheka, nikamwambia ameitikia ila kwa sauti ndogo, maliza ulale. Jibu la kukwepa, najua. Yeye akalala. Mimi nikabaki macho.

Maana nikifikiria, mimi na umri wangu wote huu sijawahi kumwamkia Mungu. Nimemwita Mwenyezi, Mfalme wa wafalme, Bwana wa majeshi. Lakini shikamoo, salamu anayofundishwa mtoto hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu, hiyo sikuwahi kumpelekea. Labda ni kwa sababu shikamoo inadai marahaba, na mimi nikisali huwa sisubiri kujibiwa. Naongea, nasema amina, naondoka.

Nikamkumbuka babu.

Nimekulia Bukoba, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote. Kwetu mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa wima. Unapiga magoti, unaupokea mkono wake kwa mikono yako miwili, unasubiri akuitikie ndipo unyanyuke. Na babu alikuwa mtu wa kuheshimiwa hasa, mzee wa kanisa la Kilutheri kwa miaka mingi, kofia yake na fimbo yake tukiviona tu vimeegemezwa ukutani tunapunguza kelele.

Lakini huyohuyo alikuwa mtani wangu. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi ni mke mwenza, hilo halina mjadala. "Mke wangu, leo umenipikia nini?" "Mahari yenyewe hujamaliza, unadai chakula?" Bibi akisikia anatupa neno lake kutoka jikoni, tunacheka wote watatu. Nilimwambia babu mambo ambayo baba yangu mzazi nisingethubutu kumwambia: nimeiba mayai, nimeshika mkia darasani, namchukia mwalimu fulani. Alisikiliza yote. Mengine alinikemea, mengine alicheka mpaka akakohoa.

Nikiwa darasa la sita nilipelekwa likizo kwa mjomba, Mwanza. Nikarudi mjanja. Nikasimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, nikasema, "Mzee, mambo vipi?"

Babu alikuwa kwenye kiti chake, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna mapajani, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alitia buni moja mdomoni, akatafuna polepole, akatazama uani kama vile pale mlangoni hakuna mtu. Nilisimama mpaka mkono ukashuka wenyewe kiunoni. Nikatoka, nikaizunguka nyumba nzima, nikarudi, nikapiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu! Umerudi lini? Wiki nzima nina njaa, huyu bibi yako hajui kupika." Akanipa buni tatu mkononi, kama mgeni.

Nyumba za zamani za kwetu, misonge, zilikuwa na mlango mfupi. Ukitaka kuingia unainama, uwe nani. Ukishaingia ndani, unakaa kwenye nyasi, unaota moto, unapiga soga mpaka usiku. Hivyo ndivyo ulivyokuwa utani wangu na babu. Ulikuwa na mlango mmoja tu, na siku ile nilitaka kupitia dirishani.

Sasa nisimulie ya huku Dar. Mwaka jana nilialikwa kwenye ibada moja ya vijana. Kijana aliyeongoza, mchangamfu kweli, alipaza sauti: "Yesu ni mshkaji wangu!" Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mama wa makamo aliyekaa pembeni yangu akaguna, akaivuta kanga yake mabegani kama aliyepigwa na baridi. Mimi nilicheka, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu hofu niliyolelewa nayo kanisani wakati mwingine ilizidi. Tulikaa kwenye mabenchi kama watu waliopelekwa mahakamani.

Nilipofika nyumbani ndipo neno lile likaanza kunikera, na si kwa sababu ni la mtaani. Maneno ya mtaani hayanisumbui. Nadhani hata wavuvi wa Galilaya hawakuongea kama mimbarani. Kilichonisumbua ni kwamba mshkaji ninamjua. Mshkaji unampigia ukikwama nauli. Mshkaji hakuulizi ulikuwa wapi wiki mbili. Zaidi ya yote, mshkaji hakuamuru kitu. Akijaribu, unamwambia "acha hizo". Sasa Yesu katika Yohana 15 anawaambia wanafunzi wake, "Siwaiti tena watumwa," anawaita rafiki, na huo ndio mstari tunaoupenda. Mstari unaoutangulia tunauruka: "Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda ninayowaamuru." Rafiki gani huyo anayeamuru? Kwa kipimo cha washkaji wangu, hayupo. Kwa kipimo cha babu, namjua vizuri.

Lakini nisijifanye hakimu wa yule kijana. Yangu ni mabaya zaidi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisali kitandani, chali, simu mkononi. Nilijiambia huo ndio ukaribu, Mungu si wa kuwekewa ratiba. Mwanzo ilikuwa tamu kweli, naongea naye kama naongea na dada yangu. Halafu, taratibu, ujumbe wa kikoba ukiingia namwambia Mungu "ngoja kidogo", najibu, narudi. Mara nyingine sirudi. Mwishowe sala yangu nzima ilikuwa maneno mawili: "Mungu, unajua." Nageukia ukutani.

Siku moja kama saa tatu usiku nilikuwa hapo hapo, chali, katikati ya huo mnong'ono wangu, simu ikaita. Mkuu wangu wa kazi. Nikajikuta nimekaa wima. Nikawasha taa. Nikavuta gauni la kulalia likae sawa shingoni, nikasafisha koo, ndipo nikapokea: "Shikamoo mama." Simu ya sauti tu, jamani, hanioni! Alitaka kujua funguo za stoo ziko wapi. Tulimaliza kwa dakika moja, nikabaki nimekaa na taa yangu, najitazama kwenye kioo cha kabati.

Tangu hapo sisali nikiwa nimelala, isipokuwa nikiumwa. Si sheria, na wala simwambii mtu afanye hivyo. Mimi tu najijua.

Upande wa pili nao nimewahi kuuishi, na ule haukuwa mwepesi. Mama yangu alipolazwa mara ya mwisho, nilikaa kwenye benchi la korido ya wodi usiku kucha na nikashindwa kusali. Maneno yaliyokuja yalikuwa yale ya kitabu: "Ee Mwenyezi Mungu, Baba wa milele." Mazuri, nayapenda, yamenilea. Ila usiku ule yalikuwa kama kuandika barua ya maombi ya kazi wakati nyumba inaungua. Nilichotaka kusema kilikuwa "mbona unatufanyia hivi?" na nilikiogopa. Niliona kukitamka ni kukufuru. Basi nikanyamaza. Mama alifariki Alhamisi, nami kwa miezi kadhaa nikaendelea kwenda kanisani kwa adabu zote, nasimama panaposimamwa, nakaa panapokaliwa, na ndani hatuongei.

Kilichonirudisha ni Zaburi ya 13, niliyoikuta natafuta kitu kingine. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Huyu mtu analalamika waziwazi, tena wamemwekea lalamiko lake ndani ya kitabu kitakatifu, liimbwe. Lakini tazama anavyoanza: Ee BWANA. Amepiga magoti kwanza.

Ibrahimu naye hivyohivyo. Biblia inamwita rafiki wa Mungu, na ukisoma Mwanzo 18 unamkuta anavyopatana na Mungu juu ya Sodoma, bei inashuka kama Kariakoo: wenye haki hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Mara sita! Mimi muuzaji wa vitenge nikimwomba apunguze mara ya tatu ananinyang'anya kitambaa. Ila katikati ya kupatana huko kote Ibrahimu anasema yeye ni mavumbi na majivu tu, na mara mbili akishusha anatanguliza kumwomba Bwana asikasirike. Zamani nilisoma maneno hayo kama woga. Siku hizi nasikia sauti ya mjukuu anayejua yuko magotini, na kwa hiyo anajua anaweza kuendelea kuomba. Musa pia: Kutoka 33 mstari wa 11, Mungu anasema naye uso kwa uso kama mtu na rafiki yake, mstari wa 20, sura hiyohiyo, anaambiwa hawezi kuuona uso wa Mungu akaishi. Wahubiri wamejaribu kunieleza hiyo. Naomba waniachie tu ilivyo.

Kwenye darasa la kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529. Maelezo ya kila amri yanaanza kwa kutukumbusha kumcha Mungu na kumpenda, amri ya kwanza mpaka ya kumi. Mwalimu alitaka tuseme haraka bila kukwama, kwa hiyo tukawa tunaimba kwa mkupuo: kumchanakumpenda, kumchanakumpenda. Kwa muda mrefu nilidhani ni kitenzi kimoja. Mwenzangu mmoja aliuliza maana ya "kuchana" hapo ni nini, akachapwa. Ni hapo baadaye nilipotenganisha: kucha, na kupenda. Na kucha si kuogopa. Mbwa mkali namwogopa, simchi. Siku hizi kitenzi hicho karibu kimebaki cha Mungu peke yake. Hakuna anayesema anamcha bosi, hata mimi niliyewasha taa.

Leo jioni mwanangu atapiga magoti tena na sijui nimwambie nini kuhusu kuitikiwa. Natamani ningempeleka kwenye migomba ya babu, mwaka ule mnyauko ulipoingia. Majani yalikuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, shamba zima linatakiwa kukatwa na kuchomwa. Bibi alinituma nimwite babu chakula. Nikamkuta katikati ya shamba, mgongo kwangu, amepiga magoti juu ya majani makavu, mzee wa miaka sabini na kitu. Kofia ameivua, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Nikasikia anaongea, na haikuwa sauti yake ya kanisani. Ilikuwa ile ya kugombana na bibi.

"Hii migomba ni yako. Mimi nilipanda tu. Sasa kama umeamua uzee huu nile udaga wa muhogo, niambie nijue, usinizungushe. Lakini mimi siupendi udaga, na wewe unajua."

Akanyamaza kwa muda mrefu, kofia bado kifuani. Kisha akaivaa, akaitafuta fimbo, akageuka akaniona.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, babu."

"Muongo. Njoo uninyanyue, mke wangu, magoti yamekufa ganzi."