Kumbukumbu ya mradi: kuitafutia .223 yangu risasi ya kuaminika hadi yadi 300

Aprili

Lengo ni moja: kuipatia bunduki yangu ya .223 Remington risasi niliyoijaza mwenyewe (yaani ganda tupu nikalitia fataki, kile kiwashio kidogo cha kitakoni, kisha baruti na kichwa), ambayo nitaiamini hadi yadi 300, kabla nyasi za magharibi mwa South Dakota hazijarefuka. Bunduki ni ya kukoki kwa bolti, mtutu wake mzito, na michirizi ya ndani inaizungusha risasi mara moja kila inchi 9. Windo ni prairie dog mwenye mkia mweusi, ndugu wa kuchakuro, anayechimba mashimo na kuishi katika vijiji vinavyoweza kutapakaa ekari nyingi. Mfugaji aliyeniruhusu kuwinda kwenye ardhi yake anasema wanammalizia malisho ya ng'ombe.

Mnyama huyu ana kilo moja hivi. Akisimama wima juu ya kifusi cha shimo lake, kifua chake hakizidi sana kiganja cha mtu mzima. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, kwenye yadi 100 ni inchi 1.047, na kwenye yadi 300 ni kama sentimita 8. Maana yake, bunduki inayotawanya risasi zake kwa dakika moja ya pembe imeshautumia upana wa mnyama karibu wote kabla upepo haujavuma. Sitaki kumjeruhi kiumbe akajikokota hadi shimoni kufia huko. Kazi yote inayofuata imetokana na hilo.

Neno kuhusu sheria, maana najua wasomaji wengi wako nyumbani Afrika Mashariki: sheria ya shirikisho la Marekani haimtaki anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe awe na leseni ya utengenezaji, anayetengeneza za kuuza ndiye anayeihitaji. Nchi nyingine zina sheria zao, na si jambo la kubahatisha.

Maganda kwanza

Nina maganda ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kampuni ya Lapua, niliyonunua mapya. Ya pili niliokota uwanjani, yana herufi LC kitakoni, alama ya kiwanda cha jeshi cha Lake City kule Independence, Missouri, kilichoanzishwa mwaka 1941. Ya jeshi ni imara, lakini fataki zake zimebanwa kwa chuma kando kando ili zisichomoke kwenye bunduki za otomatiki. Fataki ya zamani ikishatolewa, mdomo wa tundu lake lazima usawazishwe kwanza, la sivyo fataki mpya itaingia upande au itapondeka. Kazi hiyo inachosha vidole. Nimeamua ya LC yawe ya mazoezi, ya Lapua yawe ya kupimia.

Ganda likishafyatuliwa linakuwa limetanuka na kuchukua umbo la chemba ya bunduki. Wengi hulirudisha kwa nguvu hadi mwisho ndani ya kalibu, chombo cha kulirudishia umbo, wakalisukuma bega lake (pale linapoanza kuwa shingo) chini kuliko inavyohitajika. Shaba inanyooka na kurudi, inanyooka na kurudi, mwishowe ganda linakatika karibu na kitako. Mimi napima bega kabla na baada, narudisha sehemu mbili tu za elfu za inchi. Bolti inafunga bila kusukumwa, na ganda linakaa palepale kila mara. Nikiulizwa kazi gani ya mezani iliyonilipa zaidi, nitajibu hii, ingawa hakuna anayeipiga picha.

Baada ya hapo ni urefu. Ganda la .223 halitakiwi kupita inchi 1.760, nami nakata hadi 1.750. Shingo ndefu kupita kiasi hubanwa na mwisho wa chemba, kichwa cha risasi kikashindwa kutoka kwa urahisi, na presha ikapanda. Kisha nakwangua ukali wa mdomo ndani na nje ili kichwa kiingie bila kuchunwa.

Baruti

Nimelinganisha mbili. H335 ni ya punje za mviringo, inatiririka kwenye kipimio kama mchanga mkavu, na asili yake ni baruti ya kijeshi ya risasi za 5.56. Kwa mtu anayejaza risasi mia kwa jioni moja ni raha tupu. Tatizo lake ni joto. Asubuhi ya Aprili hapa maji bado yanaganda, na Julai jua linachoma mtutu hadi haushikiki. Baruti isiyotulia kwenye joto hubadilisha mwendo wa risasi, na mzigo (kiasi cha baruti pamoja na kichwa chake) uliokuwa karibu na kikomo wakati wa baridi unaweza kukipita kiangazi.

H4895 ni ya vijiti vidogo, hukwama kwenye kipimio na kukatwa kwa mlio unaokera, lakini imeundwa isiyumbishwe sana na joto. Jina lake lina historia ninayoipenda: Bruce Hodgdon alianza biashara yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kununua baruti ya 4895 iliyobaki jeshini na kuwauzia wajazaji wa majumbani. Ya leo inatengenezwa Australia. Nimeichagua hiyo, na ninapima kila mzigo kwenye mizani, nikimalizia kwa kudondosha kijiti kimoja kimoja hadi nipate usahihi wa sehemu ya kumi ya greni. Greni moja ni miligramu 65 hivi, kwa hiyo hapo tunazungumzia miligramu sita na ushee.

Uzito wa mzigo wangu sitauandika. Mzigo salama kwenye chemba yangu unaweza kuwa hatari kwenye yako. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti, anza na kiwango cha chini kabisa, panda taratibu, na uangalie fataki iliyobapa, alama za kung'aa kitakoni na bolti inayokataa kuinuka. Mezani kwangu hukaa kopo moja la baruti, basi.

Mei, uwanjani

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kwa nguvu. Wajazaji wengi tunapiga risasi tatu, tunaona matundu yamegusana, tunapiga picha na kutangaza kwamba mzigo umepatikana. Kesho mzigo uleule unatawanyika mara mbili, lawama inaenda kwa darubini. Bunduki haikubadilika hata kidogo. Hesabu ya bahati inasema kwamba kwa bunduki ileile na mzigo uleule, kundi la risasi 10 huwa pana kuliko la risasi 3 kwa wastani wa mara 1.6 hivi. Risasi tatu hazikuonyeshi utawanyiko wote. Zinakuonyesha kipande chake, na mara nyingi kile kizuri.

Kwa hiyo kila mzigo nimeupiga makundi ya risasi kumi, mtutu ukipoa katikati. Badala ya kupima matundu mawili yaliyo mbali zaidi tu, napima umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi na kutafuta wastani. Namba hiyo inatumia risasi zote kumi, haiharibiwi na moja iliyotoroka.

Matokeo yamenifurahisha kwa namna sikuitarajia. Kubadilisha baruti kwa sehemu mbili au tatu za kumi za greni hakukuleta tofauti ninayoweza kuitetea. Kusogeza kichwa mbele au nyuma kwa sehemu chache za elfu za inchi, hivyo hivyo. Kilichobadilisha kila kitu ni kichwa chenyewe. V-Max, kichwa cha kampuni ya Hornady, ya greni 55 ilitawanyika kwa ukaidi, ya greni 50 ikatulia, ya greni 53 ikatulia zaidi. Na hiyo ya 53, kwa sababu ya umbo lake refu lililochongoka, inakata hewa vizuri kuliko ya 55: mtengenezaji anaipa namba ya kukata hewa ya .290 dhidi ya .255, na kubwa ndiyo bora. Nyepesi kidogo, na bado inashikilia mwendo wake zaidi.

Juni

Mzigo wa kichwa cha greni 53 umekaa ndani ya dakika moja ya pembe kwa risasi kumi, asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Nimejaza wa kutosha msimu mzima na kuyaweka lebo masanduku yote: tarehe, ganda, fataki, baruti, kichwa. Fataki nazitunza kwa namba ya toleo, kwa kuwa uhaba wa 2020 hadi 2022 ulitufundisha wote kununua mapema.

Kazi iliyobaki ni upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukikata ubavuni utasukuma vichwa vyepesi vya .223 kama hivi kwa zaidi ya sentimita 20 kwenye yadi 300. Hakuna mizani inayoponya hilo. Sasa napiga kwenye mabamba ya chuma kwenye mteremko, nikitazama nyasi za katikati ya njia zaidi kuliko zile zilizo miguuni pangu.

Na kuna suala la plumbi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani ya vichwa. Vichwa hivi hupasuka vipande vidogo, na ndege wala mizoga humeza vipande hivyo. Mwewe wakubwa na tai wapo wengi kwenye nyika hii. Mwezi ujao naanza upya na vichwa visivyo na plumbi, NTX ya greni 35 na Varmint Grenade ya greni 36. Ni vyepesi na vitaanza kwa kasi kubwa, lakini vitapunguza mwendo mapema, hivyo nategemea kikomo changu kitarudi karibu yadi 200. Kabla ya risasi ya kwanza nitausugua mtutu hadi mabaki ya shaba yaishe, kisha makundi ya kumi kumi kama kawaida.