Kutoka Rusumo Hadi Gahanga Kutazama Kriketi ya Rwanda

Ukivuka daraja la Rusumo, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Simu yenye laini ya Tanzania inaweza kuendelea kuonyesha saa za nyumbani kwa sababu bado inanasa mnara wa ng'ambo ya Mto Kagera, na kwa anayekwenda kutazama kriketi hilo si dogo. Mechi inayoanza saa tatu na nusu asubuhi Kigali, Dar es Salaam ni saa nne na nusu. Nilipita njia hii mwezi Juni, msimu wa mashindano ya Kwibuka ya wanawake, ambayo Rwanda imekuwa ikiyaandaa tangu 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Juni ni mwezi mzuri pia kwa hali ya hewa. Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, mvua za Kigali huweza kuula mchana mzima.

Basi linalotoka Dar hupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, kisha Benaco, ndipo mteremko wa kwenda mtoni. Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpakani. Anayeingia Rwanda hugongewa mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Rwanda katika jengo moja, upande wa Rwanda. Shika pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, maana mizigo ikishashushwa kukaguliwa hutapata nafasi ya kupekua begi kwa utulivu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na maofisa huitoa kwenye mizigo, kwa hiyo viatu vya mazoezi na chakula cha njiani vifungwe kwenye mifuko ya nguo au karatasi tangu nyumbani. Mbele ya kituo magari huhamia kulia. Kuanzia hapo kuna kilomita kama 160 hadi Kigali, kupitia Kirehe, Kibungo, Kayonza na Rwamagana. Barabara ni nzuri, lakini mabasi yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, hivyo tenga saa tatu na zaidi.

Basi huishia Nyabugogo, upande wa pili wa jiji. Anayekwenda uwanjani hana sababu ya kufika huko kama dereva atakubali kumshusha Remera. Pale kuna kituo kikubwa cha mabasi ya mjini, na ya kwenda Nyanza ya Kicukiro ndiyo unayoyataka. Nauli hulipwa kwa kadi yenye salio, kwa hiyo nunua kadi kituoni kabla ya kupanga foleni. Toka Nyanza pikipiki itakufikisha Gahanga, ulipo uwanja mkuu wa kriketi, kwa muda mfupi. Abiria huvaa helmeti kama dereva, na nauli mnapatana kabla ya kuondoka.

Kabla ya yote, hakikisha mechi yako iko uwanja gani. Mashindano yakiwa na timu nyingi, baadhi ya mechi huchezwa kwenye uwanja wa chuo cha ufundi cha IPRC Kicukiro, na mtu akienda Gahanga bila kuuliza anaweza kukuta nyasi tupu.

Mimi nilianza na huo wa Kicukiro kwa makusudi, kwa sababu ndiko kriketi ya Rwanda ilikolelewa. Mwaka 1994 chuo hicho kiliitwa ETO. Watutsi zaidi ya 2,000 walikimbilia humo chini ya ulinzi wa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale waliondoka, na watu wakaswagwa barabarani hadi Nyanza, wakauawa. Kumbukumbu yao iko pale Nyanza, karibu na kituo cha mabasi, kwenye barabara ileile inayokwenda Gahanga. Teremka, ingia, kaa kimya kwa muda unaoweza. Anayekwenda kutazama mashindano yanayobeba neno Kwibuka, yaani kukumbuka, asipite pale kama anapita kituo cha mafuta.

Kriketi ililetwa na waliorudi. Familia zilizoishi ukimbizini Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa na vijana waliojifunza mchezo huu shuleni huko, nao wakarudi nao. Chama cha kriketi kikaundwa 1999, na 2003 Rwanda ikapokewa katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Kwa miaka yote hiyo timu ya taifa ilitegemea uwanja huu wa chuo, wenye pichi ya bandia. Pichi ni ule ukanda mwembamba wa katikati ya uwanja ambapo mpira hurushwa, hudunda na kupigwa.

Hiyo pichi ya bandia inahitaji kuelezwa, maana ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya timu za nchi ambazo kriketi ni ngeni. Ni sakafu ya saruji iliyofunikwa zulia. Faida yake ni kwamba haihitaji mtunzaji na inakauka haraka. Hasara yake ni kwamba mpira huruka juu na kwa namna moja kila wakati. Mpigaji aliyekulia hapo huzoea kurudi nyuma na kuusubiri mpira umfikie kiunoni. Mpeleke kwenye pichi ya nyasi, mpira uleule utamjia chini ya goti, au utachepuka kidogo baada ya kudunda, naye atakuwa ameshainua gongo. Vijiti vilivyo nyuma yake vinaanguka, naye anatolewa. Mrushaji naye hupata tabu: juu ya zulia, kuushika mpira ili mshono wake utue wima hakumpi faida kubwa, hivyo hajifunzi kufanya hivyo, na siku akipewa nyasi anaacha silaha yake mfukoni.

Ndiyo maana Gahanga ilikuwa muhimu. Mei 2016 nahodha wa wakati huo, Eric Dusingizimana, ambaye ni mhandisi, alisimama ndani ya nyavu za mazoezi kwenye Uwanja wa Amahoro akapiga mipira kwa saa 51, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa saa 50 na dakika chache. Kanuni za rekodi za namna hiyo humpa mtu dakika tano tu za kupumzika kwa kila saa. Alifanya hivyo kuchangisha fedha za uwanja. Oktoba 2017 uwanja ukafunguliwa.

Kitu cha kwanza kinachoonekana ukifika ni matao matatu makubwa yanayofuatana, umbo lililochukuliwa kwenye njia ya mpira unaodunda. Yamejengwa kwa vigae vya udongo wa hapohapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Vigae vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka kumelazwa wavu wa kuimarisha dhidi ya mitetemo ya ardhi, kwa kuwa Rwanda iko eneo la matetemeko. Ingia chini ya tao ukatazame juu, hakuna nguzo katikati. Watazamaji wengi, hata hivyo, hukaa kwenye ukingo wa nyasi unaouzunguka uwanja. Kaa nyuma ya ncha yoyote ya pichi, ujionee mpira unavyochepuka. Anayekaa pembeni huona mwendo tu. Chukua kofia. Kigali iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua linachoma hata upepo ukiwa baridi. Urefu huo unagusa na mchezo: hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, hivyo mpira uliopigwa vizuri husafiri mbali kuliko pwani, na mrushaji aliyetoka Dar huhema baada ya ova mbili tu, yaani mipira 12, katika siku zake za mwanzo.

Nakushauri ufike saa moja na nusu kabla ya mechi, uwatazame watunza pichi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya safari nzima. Pichi ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, na nyasi zake zimekatwa mpaka ardhi inaonekana rangi ya majani makavu. Chini yake kuna udongo wenye mfinyanzi mwingi. Siku kadhaa kabla ya mchezo humwagiwa maji yapenye chini, halafu rola hupita taratibu, mara nyingi, kadiri unyevu unavyopungua. Rola ikipita mapema, udongo mbichi husukumwa mbele na kuacha mawimbi, na mpira mmoja utaruka kifuani, unaofuata utaburuzika. Ikichelewa, udongo umeshakauka, rola haifanyi lolote na nyufa hufunguka. Mtunzaji hubonyeza kucha ardhini kupima. Kucha ikiingia kwa shida bila kutoa unyevu, muda umefika.

Kisha huja mistari. Hufungwa kamba kutoka kijiti cha kati upande mmoja hadi kijiti cha kati upande wa pili, na kila kipimo huchukuliwa kutoka kwenye kamba hiyo. Mstari wa kwanza hupita kwenye vijiti vyenyewe, una urefu wa mita 2.64. Wa pili uko mita 1.22 mbele yake, na huo ndio unaoamua maisha ya mpigaji, ambaye lazima aufikie anapokimbia, na ya mrushaji, ambaye mguu wake wa mbele usiuvuke wote anaporusha. Nilikuwa nimesogea karibu mno. "Kaka, usipite hapo," mmoja akaniambia kwa Kiswahili safi, akanionyesha njia ya kuzunguka. Alikuwa sahihi kabisa. Kisigino kimoja kwenye eneo ambalo mpira utadunda kinatosha kuharibu kazi ya wiki.

Siku ya mashindano mechi mbili huchezwa mfululizo, asubuhi na mchana, mara nyingi kwenye pichi ileile. Kufikia mchana warushaji wameshachimba mashimo kwa miguu yao karibu na mstari. Katikati ya mechi hujazwa mfinyanzi wenye unyevu kidogo na kushindiliwa. Wasipofanya hivyo, mrushaji hugeuza kifundo. Mpira wa mchana huwa wa polepole na wa chini zaidi, kwa hiyo nahodha anayeshinda kura ya sarafu aangalie anacheza saa ngapi kabla ya kuchagua kupiga au kurusha kwanza. Mvua ikitishia, turubai huvutwa mara moja, na mara inapokoma huondolewa mara moja vilevile, kwa sababu jua likiwaka juu ya turubai, mvuke wa chini yake hulowesha pichi kuliko manyunyu yenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutazama: kila timu hupiga kwa ova 20, ova moja ni mipira sita, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova nne. Ili matokeo yahesabiwe mvua inapoharibu mchezo, kila timu iwe imepata nafasi ya ova tano angalau. Katika ova sita za mwanzo ni walinzi wawili tu, yaani wachezaji wanaoukimbiza na kuudaka mpira, wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara la ndani, ndipo mikimbio huja haraka. Mkimbio ni alama, na wapigaji wawili huupata kwa kukimbia na kubadilishana ncha za pichi. Hayo yatakutosha kwa asubuhi ya kwanza.

Ukitaka kujua timu changa imekomaa kiasi gani, acha kuhesabu mapigo makubwa. Hesabu waidi, yaani mipira inayorushwa nje ya uwezo wa mpigaji. Kila moja inampa mpinzani mkimbio mmoja na mpira unarudiwa. Waidi 15 ni mikimbio 15 pamoja na mipira 15 ya ziada, sawa na ova mbili na nusu za bure. Mechi nyingi za timu za Afrika zinazojifunza hupotea hapo. Kitu cha pili ni kukimbia kati ya vijiti. Mpira ukienda mbele ya mpigaji, yeye ndiye anayeita. Ukienda nyuma yake, anaita mwenzake. Wote wakiita, au wote wakinyamaza, mmoja anabaki katikati ya njia. Na anayefika mstarini aburuze gongo ardhini kuanzia mita moja kabla. Wengi hutolewa wakiwa wameshafika, ila gongo liko hewani.

Wasichana wa Rwanda niliowatazama Gahanga huburuza gongo. Huita kwa sauti moja fupi. Hayo hayaji yenyewe, ni maelfu ya marudio mahali pamoja penye ardhi ya kuaminika.

Matokeo yake yako kwenye kumbukumbu. Septemba 2022 kikosi cha wasichana wa chini ya miaka 19 kiliifunga Tanzania katika fainali ya kufuzu Kombe la Dunia la umri huo kule Botswana, na kwa Mtanzania iliuma, nasema kweli. Januari 2023 wakawa timu ya kwanza ya Rwanda kucheza Kombe la Dunia la kriketi la ngazi yoyote, nchini Afrika Kusini. Waliishinda Zimbabwe kwa mikimbio 39, siku ambayo Henriette Ishimwe alichukua wiketi nne, yaani aliwatoa wapigaji wanne, kwa mipira minne mfululizo. Kisha wakaishinda West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibiani ambako mtoto huzaliwa akiikuta kriketi barazani, wakiongozwa na nahodha Gisele Ishimwe. Piga hesabu ya umri: Gahanga ilipofunguliwa 2017, mkubwa wao alikuwa na miaka kama 14. Walijifunza kupiga mpira wa chini wakiwa bado watoto, kwenye nyasi, mtunzaji akiwa ameshabonyeza kucha ardhini alfajiri.