Sega Lisilofunikwa

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae na Mithali 25:16. Aliyepata asali anaambiwa ale kiasi cha kumtosha, asije akaitapika. Tumezoea kuuhubiri mstari huu juu ya ulafi wa mezani. Anayeanza kufuga nyuki nyuma ya nyumba ataukuta mzingani, na huko unauma zaidi.

Kosa la kwanza hufanyika nyuki hata hawajaingia, kwa seremala. Viunzi, yaani vile vijiti bapa vya juu ambako masega huning'inia, kwa nyuki wetu vinatakiwa upana wa milimita 32. Fundi akikadiria kwa jicho akafikisha 40, nyuki hawamfuati. Hujenga kwa kipimo chao, sega likakatiza viunzi viwili vitatu. Siku ya kufungua, ukivuta kimoja umepasua yote: asali inamwagika, majana, yaani watoto wa nyuki, yanapondeka, na ghafla inapanda harufu kama ya ndizi mbivu. Hapo nyuki wanaitana vitani. Funga mfuniko uondoke. (Mbuzi aliyefungwa kamba jirani na mzinga hana pa kukimbilia, afunguliwe mapema.) Pima kwa rula, kisha chora mstari wa nta katikati ya kila kiunzi, waufuate.

Siafu hawana mjadala: grisi kwenye miguu ya mzinga, na fyeka nyasi zinazougusa.

Haraka ya kuvuna ndiyo inayotushika wengi. Sega jipya, jeupe, zito, vyumba vimejaa, mkono unawasha. Lakini mbochi, yaani maji matamu ya maua, ulioletwa juzi bado ni majimaji. Nyuki huupepea kwa mabawa hadi maji yashuke karibu asilimia 20 au chini yake, ndipo wanafunika chumba kwa nta. Vuna sega lililofunikwa angalau robo tatu, na ulibebe likining'inia wima. Ukililaza kama sahani, nta changa hukatika. Asali iliyowahishwa hutoa povu chupani, ikachachuka. Mnunuzi atasema kauziwa maji ya sukari, kumbe ni asali halali iliyonyimwa siku zake.

Na kiasi cha kutosha ni cha nani? Mzinga una walaji maelfu. Masega ya majana usiyaguse, na uache mawili matatu ya asali yaliyo jirani nayo. Ni agizo lilelile la Walawi 19:9, la kutovuna pembe za shamba. Nyuki wetu wakinyang'anywa chakula hawasubiri huruma, wanahama. Utakuta mzinga kimya, nondo wa nta wameanza kutandaza nyuzi, na mwenyewe anadai amelogwa.

Kwa hiyo unapokagua, kabla ya kushika kisu, viwekee alama ya chaki viunzi vya kubaki. Ndoo isipojaa, chaki haifutwi.