Miezi minne Barra de Navidad: tulivyoikimbia baridi ya Edmonton, Kanada

Tangu turudi nimeulizwa kila mahali, msibani, kanisani, hata kwenye foleni ya kliniki: nyie wastaafu wa kazi ya kulea wazee mmewezaje kukaa ufukweni Meksiko miezi minne? Mmepata wapi pesa? Nimechoka kueleza vipande vipande, na zaidi nimechoka kusikia watu wakipewa ushauri uleule mbovu tuliopewa sisi. Nieleze yote.

Tuko wanawake wanne. Mimi wa Tanga, shoga yangu wa Mombasa, dada wa Bukavu, na Da Mkubwa wetu wa Bujumbura mwenye miaka 71. Tumefahamiana kwenye zamu za usiku zaidi ya miaka ishirini. Februari 2024 Da Mkubwa aliteleza kwenye barafu mlangoni pake akavunjika kifundo cha mkono, na tulipokuwa tumemzunguka kitandani tukakubaliana kwamba baridi ya mwaka unaofuata haitatukuta pale.

Tulichagua Barra de Navidad, jimbo la Jalisco, pwani ya Pasifiki. Ni mji mdogo uliokaa juu ya ulimi wa mchanga, mbele bahari kuu, nyuma ziwa la maji ya chumvi, na toka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache. Mashua za kuvusha watu wanaziita panga, siku ya kwanza mtu alipotuambia "panga! panga!" shoga yangu alirudi nyuma hatua mbili. Jirani yake ni Melaque, kilomita chache kwa basi dogo, na hapo mawimbi ni mapole zaidi ukisogea upande wa magharibi wa ghuba. Barra penyewe bahari ina nguvu. Usiingie jioni peke yako hata kama Tanga ulikuwa ukiogelea hadi kisiwa cha Toten.

Kilichokaribia kutuharibia safari ni bima ya matibabu ya safari. Kila mtu alituambia nunua bima ya bei nafuu, zote ni sawa. Si sawa hata kidogo! Mwanzoni mwa Septemba daktari alimpunguzia Da Mkubwa dawa ya presha, tukafurahi, tukapika pilau. Mimi nikaketi usiku kusoma mkataba wa bima, ukurasa kwa ukurasa, nikakuta kwamba ugonjwa ulionao lazima uwe umetulia siku 90 kabla ya kuondoka, na kubadilishiwa kipimo cha dawa, hata kupunguziwa, kunahesabiwa kuwa haujatulia. Tungeondoka Novemba kama tulivyopanga, akapatwa na kiharusi kule, tungelipa wenyewe. Tukasogeza safari hadi 14 Desemba. Wengine watatu hawakunung'unika hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua safari itafaa. Mkoani kwetu Alberta unatakiwa pia uwepo siku 183 katika kila miezi 12 ili usipoteze bima ya afya ya mkoa, na ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo husimama ukizidisha miezi sita nje ya Kanada. Miezi minne ilituacha salama pande zote.

Uwanja wa ndege wa Puerto Vallarta, angalia muhuri wa kuingia na siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka dirishani. Watu husema Meksiko wanakupa siku 180 moja kwa moja. Ni hadi 180, na afisa ndiye anayeandika. Dada wa Bukavu aliandikiwa 30. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikamwambia asisogee, atoe tiketi ya kurudi ya Aprili. Aliiweka mezani kimya kimya na kumtabasamia afisa. Afisa akaisoma, akafuta, akaandika 120. Ukishatoka pale na siku chache, mgeni wa kawaida haongezewi humo nchini. Mpaka utoke uingie tena.

Sasa nyumba. Tulishauriwa na watu wanaojiita wazoefu: lipa nyumba yote mapema mtandaoni, msimu ukianza hutapata kitu. Tukalipa mwezi wa kwanza. Picha zilikuwa nzuri, shuka nyeupe, dirisha la bahari. Tulipofika usiku baada ya saa tano hivi za basi kwenye barabara namba 200, tukakuta ngazi za chuma zilizosimama wima kama za mkwezi wa minazi, na Da Mkubwa na mkono wake ule. Chini kuna baa yenye spika mbili. Muziki ulikata saa tisa za usiku. Jogoo wa jirani alianza saa kumi. Mwenye nyumba hakurudisha hata peso moja.

Asubuhi ya nne niliamka nimeamua. Nikawaambia wenzangu: kwetu nyumba haitafutwi kwa picha, inatafutwa kwa miguu. Tukagawana mitaa. Kila penye kibao cha "Se renta", yaani inapangishwa, tunaandika namba. Lakini vibao havikutusaidia sana, vingi ni vya bei ya dola. Aliyetusaidia ni mama wa duka la tortilla, ile mikate yao myembamba ya mahindi. Kila nyumba ya mji ule humpelekea mtu kununua tortilla za moto, kwa hiyo anajua nani kaenda Guadalajara kwa mwanawe, nani ana vyumba vitupu, nani ana shida ya pesa. Tulikwenda kununua kilo moja kila siku kwa siku nne, tunasalimia, tunauliza watoto. Siku ya nne akamwita mjukuu wake atupeleke. Nyumba ya chini, ua wenye mwembe, vyumba vitatu, feni za dari, nyuma ya uwanja wa kanisa. Kama peso elfu kumi na nane kwa mwezi, na ushei kidogo, tukagawa kwa wanne. Wenzetu waliolipa mtandaoni walikuwa wanatoa pesa hiyo kwa mtu mmoja. Ushauri wangu: lipia juma moja tu la kufikia, kisha tembea.

Uliza umeme unalipwa na nani. Bili inakuja kila miezi miwili, na ukivuka kiwango bei ya kila yuniti inapanda, kwa hiyo nyumba yenye viyoyozi ina mtego. Sisi tulilala na feni. Usiku wa Januari pale ni mtamu, upepo unatoka baharini, unajifunika kanga basi.

Pesa zetu zilikaa kwenye kibubu kimoja, kopo la maziwa juu ya kabati. Kila Jumatatu kila mtu anaweka kiasi kilekile, na humo ndimo zinatoka pesa za sokoni, gesi, maji ya kunywa ya yale madumu ya lita 20 yanayopitishwa mlangoni. Anayetaka chake cha anasa anatoa mfukoni. Marafiki wengi wanavunjika safarini kwa sababu ya nani alilipa nyanya. Mashine ya benki ikikuuliza ikubadilishie pesa kwa bei yake, kataa, acha benki yako ibadilishe. Tulipoteza pesa za chakula cha juma zima kabla hatujaelewa hilo.

Ugali. Hapa nina hasira bado. "Meksiko ndiyo asili ya mahindi, unga mtaukuta kila duka." Ni kweli mahindi yalianzia kule, maelfu ya miaka iliyopita, na unga umejaa. Lakini ule ni unga wa tortilla: mahindi yamechemshwa na chokaa kwanza, yakamenywa, ndipo yakasagwa. Wao wana sababu nzuri, chokaa inafungua vitamini ambayo sisi tunaikosa kwenye dona na sembe. Kwenye sufuria ni jambo lingine. Dada wa Bukavu alisonga wa kwanza. Ulianza vizuri, ukatoa harufu ya ukuta uliopakwa chokaa mvua imenyesha, ukashika mwiko kama ulimbo. Akaongeza unga, ukawa mpira. Akaongeza maji, ukawa gundi. Tulikaa wanne tumezunguka sufuria, samaki wa kukaanga anapoa, na dada akatamka kwa uchungu, "Hii haiko bugali." Siku ya pili nikajaribu mimi, nikapika uji kwanza kama tunavyofanya nyumbani. Vilevile. Siku ya tatu tukachanganya na semolina. Afadhali, lakini si ugali.

Nikaenda kwa mama yangu wa tortilla nikamwonyesha kwa mikono: mahindi makavu, bila chokaa, sagisha. Akafikiri, akaniandikia jina la duka la chakula cha mifugo. Pale wanauza mahindi meupe makavu kwa gunia, na mashine ya kusagia ipo palepale. Kijana alishangaa nilipomwambia ni ya kula watu. Nilichofanya, na hili nalisema kwa fahari: nilinunua kilo kumi, nikayapepeta na kuyachagua uani punje kwa punje, nikarudi nayo asubuhi kabla mashine haijafanya kazi. Nikamwambia asage kilo mbili za kwanza azimwage kwa kuku, zisafishe mashine. Kisha akasaga zilizobaki mara mbili. Nyumbani nikachekecha kwa kipande cha pazia jembamba. Jumapili ile tulikula dona la moto na samaki na mchicha wao wanaouita quelite, na Da Mkubwa, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliomba tonge la mwisho la sufuria.

Shoga yangu wa Mombasa naye alikuwa na lake. Alitoka Edmonton na lile jino la chuma la mbuzi ya kukunia nazi, amelifunga kwa taulo ndani ya sanduku, kibao amekiacha. Nazi kule ni za kumwaga, lakini wao wanazinywa madafu au wanazikata vipande na pilipili na ndimu. Akamchorea fundi seremala wa mtaa kigoda kwenye karatasi. Fundi akacheka, akakitengeneza kwa siku mbili, kimetulia, hakichezi. Kuanzia hapo ni wali wa nazi, samaki wa kupaka, mandazi. Majirani walikuja kuangalia jinsi mtu anavyokalia mbuzi na kukuna. Mwenye nyumba wetu alijifunza kwa mchana mmoja. Mwezi wa Machi shoga yangu alipokuwa amefunga, mama huyo ndiye aliyekuwa anatukunia nazi ya futari, na jua likizama baharini mbele yetu, tende moja moja, maji ya ukwaju, ndizi za nazi. Ukwaju umejaa kule, wanauita tamarindo, na rozela nyekundu wanaiita jamaica. Maneno pia yanakusaidia: meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino, sukari ni azúcar. Hatukuwa na Kihispania, lakini hatukuwa bubu.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilikuwa Manzanillo, mwendo wa basi usiozidi saa mbili. Mzee kando ya bahari ana kibuyu kikubwa begani, anauza kinywaji cheupe, anatia karanga juu. Anakiita tuba. Nilionja, machozi yakanijia. Ni tembo la mnazi, tamu, la asubuhi, kabla halijachachuka! Babu yangu Pangani alikuwa mgema. Baadaye nikajua kwamba wagema wa kwanza wa pwani ile walikuwa Wafilipino walioletwa na majahazi ya Wahispania, na njia hiyo ya bahari ilifunguliwa na msafara uliong'oa nanga Barra de Navidad tarehe 21 Novemba 1564. Kumbe tulikuwa tunalala hatua chache kutoka hapo. Nilimweleza yule mzee kwa ishara jinsi kwetu wanavyokwea na kamba miguuni, na yeye akanionyesha makovu ya miguu yake.

Kanisani Barra nenda ukaione sanamu ya Kristo wa mikono iliyoshuka. Watu wanasema mikono ile ilianguka kimbunga cha Lily kilipopiga mwaka 1971, na upepo ukatulia. Da Mkubwa alikaa mbele yake kila Jumatano, na mkono wake umefungwa kanga.

Kung'uta viatu kila asubuhi. Nge wapo, na wa pwani ile ni wakali, tuliwakuta wawili. Mbu wa mchana usimdharau, ndiye wa dengi.

Tuliondoka 12 Aprili. Kopo la maziwa lilibaki na pesa, tukazihesabu mara mbili mezani, tukampa mwenye nyumba ziwe arubuni ya Desemba. Alituandikia risiti kwa mkono nyuma ya kalenda. Kigoda cha mbuzi kimebaki jikoni kwake, jino likiwa limefungwa mahali pake.