Nikabu, skuta na usukani
Jamani, itazameni tena Hwages, video ya muziki ya mwongozaji Majed Al-Esa, Saudi Arabia, 2016. Ufunguo uko mwanzoni kabisa: wanawake wenye nikabu wanaingia kiti cha nyuma, na usukani anaushika mtoto wa kiume. Marufuku ya wanawake kuendesha ilikuja kuondolewa Juni 2018. Kisha skuta, mpira wa kikapu, magari ya kugongana, na chini ya abaya nyeusi zinachungulia nguo za rangi kali. Hawavui nikabu ili waonekane huru. Nguvu yote iko hapo, maana kasumba ya Kimagharibi hudai uhuru wa mwanamke Mwarabu huanza kwa kuvua.

Video ya Bad Girls ya M.I.A., mwanamuziki wa kike wa Uingereza, 2012, nayo iliwapa wanawake usukani, magari yakienda kwa matairi mawili. Lakini ilirekodiwa Ouarzazate, Morocco, huku ikivaa sura ya Ghuba. Kwangu hilo ni kosa kubwa: Uarabuni kote kumegeuzwa jangwa moja.

Roman ya Mashrou' Leila, bendi ya Lebanon, 2017, mwongozaji Jessy Moussallem, imekwepa mtego huo. Wanawake wenye mitandio ndio wanaobeba video, nao wanacheza kwa mwili mzima.